Kumfunga Tunutu Mwenye Kichwa cha Ushanga

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za kilimo, ufugaji wa nyuki na useremala. Leo nataka kuwaeleza kazi ndogo sana, ndogo hata ikiisha hukaa juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi ikabaki. Ni kazi ya kufunga nzi wa kuvulia samaki. Sisemi nzi wa kweli. Nasema ndoana iliyovikwa manyoya na uzi, hata samaki akiiona majini adhani ni mdudu, aimeze.

Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu, ndugu yake mama. Yeye aliifanya mjini Nairobi kwa muda wa miaka 22 kabla ya kurudi kwetu katika miteremko ya Mlima Elgon. Huenda baadhi yenu hamjui kwamba Kenya ina sifa duniani kwa mafundi wa kazi hii. Watu wengi wanaovua katika mito ya Ulaya na Marekani hutumia nzi waliofungwa kwa mikono ya watu wa huku kwetu, wala hawajui wametoka wapi.

Samaki mwenyewe

Samaki anayevuliwa hasa kwa nzi hawa huitwa trauti. Katika nchi zetu yeye ni mgeni. Yuko trauti wa kahawia, ambaye asili yake ni Ulaya, na yuko trauti wa upinde wa mvua, mwenye mstari mwekundu ubavuni, ambaye asili yake ni nchi zilizo ukingoni mwa bahari ya Pasifiki. Mwaka 1905 trauti wa kahawia waliletwa Kenya kutoka Uskoti wakatiwa katika mto Gura, katika milima ya Nyandarua. Baadaye wale wa upinde wa mvua waliletwa kutoka Afrika Kusini. Siku zile za ukoloni mito mingi ya milimani ilipandwa samaki hawa, na mito ya Elgon ilikuwa miongoni mwake.

Trauti hawezi kukaa katika maji ya vuguvugu. Ataka maji baridi, yanayokwenda mbio juu ya mawe, yenye hewa nyingi ndani yake. Kwa hiyo usimtafute katika Ziwa Victoria. Kwetu sisi yumo katika mto Suam. Mto huu hutoka ndani ya lile shimo kubwa lililo juu ya Elgon, ukashuka upande wa mashariki, ukawa mpaka wa Uganda na Kenya kwa sehemu ya safari yake, na mbele ukaitwa Turkwel mpaka unapoingia Ziwa Turkana.

Je, trauti hula nini? Ukitaka kujibiwa swali hili usianze kwa kumtazama samaki. Ingia mtoni palipo na maji ya kufika magotini, uinue jiwe lenye ukubwa wa sahani, uligeuze. Chini yake utaona vidudu vidogo, vyembamba, vya rangi ya udongo, vikikimbia kuukimbia mwanga. Vina miguu sita, na mkia wenye nywele mbili au tatu. Hawa ni tunutu, yaani watoto wa wadudu ambao hawajaota mabawa. Wengi wao ni watoto wa yule mdudu mwenye mabawa laini yaliyosimama kama tanga, ambaye akishatoka majini hana kinywa cha kulia, huishi saa chache au siku chache, akazaa, akafa. Maisha yake ya juu ni mafupi, lakini ya chini ya maji ni marefu. Basi trauti naye si mjinga. Sehemu kubwa ya chakula chake hukila chini, katika kundi la tunutu, wala hangoji mabawa.

Namna mambo yalivyoanza

Katika Uingereza waliishi watu walioshika sheria kwamba muungwana huvua kwa nzi anayeelea juu tu. Mtu mmoja aliyeitwa G. E. M. Skues, aliyekuwa mwanasheria, hakukubali. Mwaka 1910 alichapisha kitabu kuonyesha kwamba samaki anayekula chini ya maji yafaa kupelekewa chakula huko huko chini. Watu walibishana naye miaka mingi, na mwaka 1938 ulifanywa mjadala mkubwa wa jambo hili katika klabu ya wavuvi mjini London.

Baada yake alikuja Frank Sawyer, aliyekuwa mtunza mto Avon katika jimbo la Wiltshire. Kazi yake ilikuwa kukaa mtoni mwaka mzima, kwa hiyo aliwaona wadudu na samaki kwa macho yake. Alitengeneza tunutu wa namna nyepesi kabisa: ndoana, nywele chache za mkia wa ndege aitwaye fesanti, na waya mwembamba wa shaba nyekundu. Hakutumia hata uzi, maana waya ulifanya kazi mbili, kufunga na kutia uzito. Kitabu chake kuhusu tunutu na trauti kilitoka mwaka 1958.

Ushanga ulikuja nyuma ya hapo. Katika miaka ya 1980 na 1990 desturi ya kutia ushanga wa madini katika kichwa cha tunutu ilienea kutoka nchi za Ulaya bara mpaka ulimwengu mzima. Sababu yake ni uzito. Sisi wa masomo ya fizikia twaweza kuipima wenyewe. Ukichukua ujazo ule ule, kioo ni kizito kama mara 2.5 kuliko maji. Shaba ya manjano kama mara 8.5, risasi kama mara 11, na madini yaitwayo tangsteni kama mara 19. Mto wa mlimani una haraka. Tunutu mwepesi hupelekwa na maji kabla hajafika chini, akapita juu ya samaki kama mgeni asiyebisha hodi. Mwenye ushanga hutangulia kichwa na kushuka. Tena ushanga hung'aa kidogo, na katika maji yenye rangi ya chai mwanga huo humwita samaki.

Risasi tuiache. Ina sumu, na mwaka 1987 Uingereza ilikataza vipande vingi vya risasi katika uvuvi kwa kuwa ndege wa majini walivimeza wakafa. Shaba yatosha.

Vitu vinavyohitajiwa

Fundi wa mjini ana jiliwa ndogo ya chuma ya kushikia ndoana. Sisi hatuna. Tulichukua koleo la kawaida, tukaifunga mipini yake kwa ukanda wa mpira wa baiskeli ili mdomo ukae umefumba, kisha tukalibana katika ukingo wa meza kwa jiliwa kubwa ya karakana. Latosha kabisa.

Vitu vingine ni hivi:

Ndoana ya namba 12. Kumbuka kwamba namba ikizidi kuwa kubwa ndoana huzidi kuwa ndogo; namba 16 ni ndogo kuliko namba 12.

Ushanga wa shaba ya manjano wenye upana wa milimita 3. Uchague ule ambao tundu lake ni dogo upande mmoja na pana upande wa pili.

Uzi mwembamba wenye nguvu, wa rangi ya kahawia au nyeusi. Uzi wa cherehani ni mnene mno kwa ndoana hii. Ukiutumia kichwa kitavimba.

Waya wa shaba nyekundu, mwembamba kama unywele. Huu tuliupata katika koili ya redio iliyokufa.

Unyoya wa mkia wa bata mzinga wa rangi ya kahawia, badala ya ule wa fesanti ambaye kwetu hayuko. Kadhalika unyoya mmoja wa shingo ya jogoo mwekundu.

Manyoya kidogo ya sungura, yale mafupi na laini yaliyo karibu na ngozi.

Mkasi mkali, kipande cha nta ya nyuki, na tone la vanishi. Rangi ya kucha isiyokolea yafaa pia, mradi uombe kwa dada yako, usiichukue.

Kazi yenyewe

Kwanza tujue sehemu za ndoana. Mbele pana tundu, ambalo mshipi hupita. Kutoka hapo pana mti, yaani sehemu iliyonyoka. Kisha pana pindo, na mwisho pana ncha yenye kijino kinachorudi nyuma.

1. Finya kile kijino kwa koleo mpaka kilale. Usipofanya hivyo ushanga hautapita. Tena ndoana isiyo na kijino humwachia samaki mdogo aende zake bila jeraha kubwa. Chomeka ushanga kwa ncha ya ndoana, tundu dogo likitangulia, uusukume uzunguke pindo mpaka ufike mbele kabisa. Tundu dogo litakaa karibu na tundu la ndoana, na tundu pana litatazama nyuma. Sasa bana pindo la ndoana katika koleo, mti ukiwa umelala sawasawa kama boriti.

2. Anza uzi nyuma ya ushanga. Shika ncha ya uzi kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia uzungushe uzi juu yake wenyewe mara 5 au 6 mpaka ujishike. Kata ncha iliyobaki. Hapo hapo nyuma ya ushanga zungusha mara nyingi, uingize mizunguko mingine ndani ya lile tundu pana, mpaka ushanga ukwame usicheze. Kisha endelea kuzungusha kuelekea nyuma, mzunguko kando ya mzunguko, mpaka pindo linapoanza. Mti wote uvikwe uzi. Vazi hili halitaonekana tena, lakini usiliruke. Manyoya yakifungwa juu ya chuma kitupu huteleza. Yakifungwa juu ya uzi hushika.

3. Mkia. Ng'oa nywele 5 za unyoya wa jogoo, zikiwa ncha zake zimelingana. Ziweke juu ya mti, zitokeze nyuma kwa urefu wa nusu ya mti, uzifunge kwa mizunguko 4. Wanafunzi wengi hupenda mkia mrefu kwa kuwa unapendeza mezani. Tunutu wa kweli hana mkia wa jogoo.

4. Waya. Kata waya wa urefu wa kidole cha shahada, ulaze ubavuni mwa mti, uufunge hapo penye mkia, ipande iliyobaki ining'inie nyuma. Tutauhitaji baadaye.

5. Tumbo. Kata nywele 5 za bata mzinga. Zifunge kwa ncha zake hapo hapo penye mkia. Peleka uzi mbele mpaka theluthi moja ya mti ibaki kabla ya ushanga. Sasa zisokote zile nywele polepole kama msusi anayesokota, uzizungushe juu ya mti kuelekea mbele, mzunguko ukiugusa mwenzake. Zikifika penye uzi, zifunge kwa mizunguko 4 na ukate mabaki. Utaona tumbo jembamba nyuma na nene kidogo mbele. Hivyo ndivyo alivyo mdudu.

6. Sasa waya. Uzungushe mbele mara 5 juu ya tumbo, lakini kwa upande ulio kinyume cha ule uliozungushia nywele. Ukifuata upande mmoja, waya utazama katikati ya nywele usifanye kazi. Ukienda kinyume, kila mzunguko wa waya huvuka nywele na kuzikaza, na meno ya samaki hayatazikata upesi. Tena waya unaonekana kama pingili za mwili. Ufunge kwa uzi mara 5. Usiukate waya kwa mkasi mzuri. Utikise huku na huku mpaka ukatike wenyewe.

7. Kifua. Pitisha uzi juu ya nta. Chukua manyoya ya sungura, kidogo sana. Ukifikiri umechukua kidogo, rudisha nusu. Yabandike katika uzi na kuyasokota kwa vidole viwili upande mmoja tu, mpaka uzi uwe kama kamba nyembamba yenye vinyweleo. Izungushe mara 3 au 4 nyuma ya ushanga, kuficha mahali tumbo lilipokatwa. Vinyweleo vinavyotokeza usivikate. Majini huwa miguu.

8. Fundo la mwisho. Rudisha uzi mahali pembamba kati ya kifua na ushanga, uzungushe mara 5. Kisha fanya kitanzi juu ya vidole viwili, ukipitishe juu ya ushanga, uvute mpaka kikae nyuma yake. Fanya hivyo mara 4. Kila kitanzi ukivute mpaka usikie uzi unalia kidogo. Kata uzi. Chukua vanishi kwa ncha ya sindano, uguse mafundo hayo tu, usiguse manyoya.

Basi tunutu amekwisha. Fundi wa kazi hii humfunga kwa dakika chache. Wa kwanza kwangu ulinitoka jasho saa nzima.

Kwa nini nasisitiza fundo

Nilipoanza kujifunza, kazi yangu ilipendeza kwa macho. Mjomba alikuwa akimtwaa kila tunutu wangu, hatazami mkia wala tumbo, anabana ushanga kwa kucha na kuuzungusha. Ushanga ukizunguka, huweka tunutu kando bila kusema neno. Siku moja niliona uchungu nikamwuliza, "Mjomba, mbona hutazami nilivyowasuka?"

Akanieleza habari ambayo sikuijua ingawa ilikuwa habari yangu.

Mwaka ule nilipoingia kidato cha kwanza, mama alikuwa akimtegemea yeye kwa karo yangu. Huko alikofanya kazi, mafundi walilipwa kwa dazeni. Muhula ulikuwa unakaribia, na fedha hazikutosha. Basi mjomba akaanza kukimbia. Badala ya vitanzi 4 akafunga 2, na vanishi akaacha, maana hungoja kukauka. Kwa siku chache akafunga dazeni 30 kuliko kawaida yake, na kwa macho hakuna mtu angeweza kuzitofautisha na nyingine. Zilipofika kwa mkaguzi, alichukua mmoja, akauzungusha ushanga kwa kucha, uzi ukafunguka na kifua chote kikateleza. Akachukua wa pili, vile vile. Sanduku zima likarudishwa, na mjomba hakulipwa hata senti kwa dazeni zile.

Nakumbuka muhula ule. Nilifika shuleni nikiwa nimechelewa siku 18, wenzangu wameshapewa vitanda na vitabu. Nyumbani niliambiwa kwamba fedha zimekawia njiani.

"Hazikukawia njiani," mjomba akasema. "Zilifunguka. Mkaguzi yule sikumlaumu, mpwa wangu. Mtu aliye ng'ambo amenunua kwa fedha yake, akatembea mpaka mtoni, akampata samaki wake mmoja wa mwaka. Fundo likifunguka mbele yake, mimi siko hapo hata nimwombe radhi."

Tangu siku ile nafunga vitanzi 4.

Mtoni

Kabla ya kwenda mtoni kuna mambo mawili ya sheria. Uvuvi wa trauti unahitaji ruhusa, na sehemu kubwa ya Mlima Elgon ni hifadhi ya taifa, Uganda na Kenya pia. Waulize wakuu wa hifadhi au wa uvuvi kwanza. Pili, usimchukue trauti aliye hai ukamtia katika kijito kisicho na trauti. Yeye ni mla nyama, naye huwamaliza samaki wadogo na vyura wa asili wasiomzoea.

Tuliomba ruhusa, tukaenda Suam wakati wa likizo: mjomba, mdogo wangu na mimi. Nilikuwa na mwanzi wa kuazima, na tunutu 6. Watatu niliwafunga kwa ushanga wa shaba, na watatu kwa ushanga wa kioo niliopewa na mama, kwa kujaribu.

Namna ya kuvua ni hii. Simama upande wa chini wa mto, utazame juu yanakotoka maji, maana trauti hukaa akielekeza kichwa kunakotoka chakula. Kwa hiyo ukija kwa nyuma hakuoni. Mloweshe tunutu kwa mate ili hewa iliyo katika manyoya itoke. Mtupe juu ya mahali unapodhani samaki yupo, hatua 4 au 5, apate nafasi ya kuzama. Kisha acha maji yamlete yenyewe. Usimvute. Mdudu aliyeng'oka kwenye jiwe hana nguvu za kushindana na mto. Wewe vuta tu mshipi uliolegea, na macho yasibanduke pale mshipi unapoingia majini. Mshipi ukisimama ghafula, au ukienda kando kidogo, inua mwanzi. Mara nyingi utakuwa ni jiwe. Inua hata hivyo.

Wale wa kioo walishuka polepole mno. Katika maji ya kasi hawakufika chini hata mara moja, ila katika kidimbwi kilichotulia nyuma ya mwamba walipata samaki mmoja mdogo, tukamwacha. Wale wa shaba walishuka vizuri. Mmoja ulikatika kwenye mzizi. Wa pili ulikuwa ni wa zamani, niliomfunga kabla ya kuonywa, nikamchukua kwa kuwa alikuwa na sura nzuri kuliko wote. Alipata samaki, na samaki alipojitupa juu niliuona mstari mwekundu wa ubavu wake. Kisha mshipi ukalegea. Nilipouvuta, ndoana ilikuwepo na ushanga ulikuwepo, ila kifua na tumbo vilikuwa vimefunguka, uzi unaning'inia kama uzi wa kishikizo kilichong'oka. Sina hakika kwamba samaki alitoka kwa sababu hiyo. Lakini mjomba alikuwa ameketi juu ya jiwe, akauona uzi ule, nami nikaona haya.

Nikamfunga wa mwisho. Nikamwambia, "Mjomba, shika wewe mwanzi."

"La, mpwa wangu. Mimi ni mtu wa mezani."

Ndipo nilipofahamu kwamba mtu huyu, aliyefunga nzi kwa miaka 22, wakaenda mito ambayo majina yake aliyasoma kwenye masanduku tu, hakuwahi kumwona hata samaki mmoja aliyevuliwa kwa kazi ya mikono yake.

Nikamshikisha kwa nguvu, nikasimama nyuma yake. Mara ya kwanza alimtupa kwenye majani, mara ya pili miguuni pake, na mdogo wangu akacheka mpaka akanyamazishwa. Mara nyingi zikapita. Kisha mshipi ukasimama. Nikapiga kelele, "Inua!" Akainua.

Trauti yule alikuwa na urefu wa kutoka ncha ya vidole mpaka kifundo cha mkono na kuzidi kidogo. Si wa kujivunia. Tulipomfikisha penye mawe, mdogo wangu alitazama madoa yake, mimi nikatazama mstari wake. Mjomba alipiga magoti, akamfungua kinywa, akambana tunutu ushanga kwa kucha, akauzungusha. Haukuzunguka.

"Limeshika," akasema.

Jioni tulimchoma juu ya makaa tukamla watu watatu, kila mmoja vipande viwili.

Neno la mwisho

Ndugu zangu, nimeandika haya kwa kuwa naona kazi hii yafaa kwetu. Yataka mikono, macho na subira, wala haitaki mtambo. Lakini asiyeweza kujilazimisha kufunga kitanzi cha nne, ambacho hakuna atakayekiona, aifanye kwa kujifurahisha tu, asiifanye kwa kuuza.

Kila Jumamosi baada ya usafi wa mabweni tunakutana karakana ya useremala, sasa tuko 7. Atakaye na aje, hata wa kidato cha kwanza, mradi anawe mikono. Nanyi wazee wetu mliosoma hapa, mkiwa na redio iliyokufa, msiitupe. Ndani yake mna waya wetu. Tena wale mnaofuga bata mzinga, Krismasi ikifika, mkiisha kula tukumbukeni kwa mikia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita